Sonata ya Ubaoni

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili lilikuwa la kemia. Kurasa kumi na mbili za mwanzo zimejaa, nimezibana kwa pini. Zilizobaki ni safi, na kwa kuwa shule imekwisha hakuna atakayezikagua. Nitaandika humu mpaka mvua ziishe au karatasi ziishe.

Mambo yenyewe ni haya. Mwalimu wangu wa piano anaandaa onyesho tarehe 24 Mei, katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba. Wanafunzi wake tuko wanne. Watatu ni wadogo, watapiga vipande vya dakika mbili mbili. Mimi nitapiga sonata nzima, sehemu zote tatu. Mkufunzi wa chuo cha muziki atakuja kusikiliza. Chuo hakimpokei mtu ambaye hakijamsikia, na mkufunzi hufika huku mara moja tu kwa mwaka. Akinikubali, nitaanza Septemba. Asiponikubali, Shangazi ameshanitafutia kozi ya uhazili inayoanza Julai. Fomu iko juu ya kabati. Imejazwa kila kitu isipokuwa sahihi yangu.

Kazi yangu ya kwanza ni kuchagua sonata. Jina lake linatakiwa kwa mchapishaji wa ratiba tarehe 10 Mei.

Jumamosi, 8 Machi

Somo. Kitabu cha sonata cha Mwalimu, cha watunzi mbalimbali, hakina jalada wala kurasa sita za kwanza, kwa hiyo sonata zake tunazitaja kwa namba.

"Ya tatu umeipiga mpaka imechakaa," Mwalimu akasema huku akifunua. "Ya tano acha ikushinde mwakani, siyo mwaka huu."

"Naomba ya saba, Mwalimu."

"Ya saba ina kelele."

"Naipenda."

"Najua unaipenda, mwanangu. Hata mtoto mchanga anapenda njuga."

Nilinyamaza. Huwa nanyamaza, na watu hudhani nimekubali. Akafunua mpaka ya tisa. Ukurasa wake wa kwanza una doa la chai la ukubwa wa kisahani. Niliitazama kutoka juu hadi chini: nota chache, nafasi nyeupe nyingi, sehemu ya pili inakwenda taratibu kama mtu anayetafuta miwani. Mtoto wa miaka kumi angeweza kuisoma.

"Hii," akasema. "Lakini usiipige hapa. Kaisome kwanza nyumbani, kwenye ubao wako."

Niliuliza kama naweza kuijaribu mara moja tu, nisikie ilivyo.

"Hapana. Hapa tutapiga ya saba, kwa kuwa unaitaka. Hii ni ya ubaoni."

Nimeelewa kwamba ananiona nafaa kitu chepesi, tena hata hicho chepesi nisimchafulie piano yake.

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza. Ndogo.

Jumatano, 12 Machi

Niueleze ubao. Nyumbani hatuna piano. Nilipokuwa na miaka kumi na moja Mjomba, ambaye ni seremala, alikwenda kwa Mwalimu na futi yake, akapima vibonye kimoja kimoja, akarudi akanichorea kwenye ubao wa mlango uliokuwa umebaki. Vyeupe amevichonga kidogo, vyeusi amevipandisha kwa vipande vya mbao. Havibonyei wala havitoi sauti ila ko, ko, ko ya vidole. Mlango ulikuwa mfupi, kwa hiyo nota za juu kabisa hazimo. Nikifika huko napiga pembeni, juu ya meza ya chakula, na mara mbili nimepiga ndani ya sahani.

Ubao uko upande mmoja wa chumba, mashine ya kushonea ya Mama upande wa pili. Mama anashona sare za shule na mashuka ya zahanati. Tunapeana migongo. Mashine yake ina sauti, yangu haina.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesikiliza sonata ya saba, ambayo mtunzi wake Mwalimu anamjua, kwenye simu ya Mama. Kama kawaida simu inapandisha kila kitu kibonye kimoja juu. Do inasikika kama kibonye cheusi cha kulia kwake, na vyote vilivyobaki vivyo hivyo. Nimeizoea, lakini leo nimemwambia.

"Simu yako ina kasoro, Mama. Inapandisha sauti."

"Nipunguze?"

"Siyo ukubwa. Juu na chini."

Aliitazama simu mbele na nyuma. "Mimi nasikia watu wakiongea tu," akasema.

Jumamosi, 15 Machi

Somo. Ya saba, sehemu ya kwanza. Mkono wa kushoto unanguruma vizuri.

Jumamosi, 22 Machi

Somo. Ya saba, yote, pamoja na makosa. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa mgongo. Mwalimu aliangalia nje, mvua ilikuwa inapiga bati la jirani.

"Umeipata," akasema. Hakusema zaidi. Mtu aliyefurahi huwa anasema zaidi.

Kisha akafanya jambo la ajabu. Alichukua kisu cha kufungulia barua akazikata kurasa za sonata ya tisa kutoka kitabuni, taratibu, kama anayemenya. Akanipa. "Kitabu kinabaki hapa. Wewe nenda na hizi." Miaka saba sijawahi kuruhusiwa kutoka na hata ukurasa mmoja.

Nikizitazama naona heshima, halafu naona dharau, halafu naona doa la chai.

Jumanne, 25 Machi

Mvua usiku kucha na mchana kutwa.

Ijumaa, 28 Machi

Daraja limefungwa. Maji yamekula ukingo wa upande wa pili, na upande wa pili ndiko anakokaa Mwalimu. Mjomba amekwenda kuangalia, amerudi na matope hadi magotini. Anasema wameweka mapipa mawili na kamba, na askari mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki akilinda kamba.

"Wiki ngapi, Mjomba?"

"Fundi wao anasema mbili. Mimi kama fundi nakwambia nne."

Jumamosi, 29 Machi

Hakuna somo. Sonata ya saba iko ng'ambo, ndani ya kitabu. Ninayo hii ya doa tu.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeiweka ubaoni, kwa kukosa kazi nyingine. Mistari minne ya kwanza.

Jumatano, 2 Aprili

Mistari kumi na sita. Haichoshi vidole. Kinachosumbua ni kwamba sijawahi kuisikia, na Mama hakuipata kwenye simu kwa sababu hatujui iliandikwa na nani. Jina lilikuwa kwenye zile kurasa sita. Sonata nyingine zote nilizisikia kwanza, kisha vidole vikazifuata. Hii vidole vinatangulia. Nimejaribu kuiimba kichwani, haikai. Nimeacha kujaribu. Najua tu kwamba baada ya kidole hiki kinakuja kile.

Jumapili, 6 Aprili

Shangazi amekuja, viatu mkononi. Ni dada yake marehemu Baba, na tangu Baba afariki amekuwa akituangalia kwa macho ya Baba, ila yeye hafumbi. Alikunywa chai, akanitazama nikigonga.

"Mwanangu, huo wimbo unaitwaje? Hodi?"

Mama alicheka mpaka uzi ukakatika. Mimi pia nilicheka, kidogo.

"Mbona hakuna anayekufungulia?" Shangazi akaendelea. "Kwenye kozi ya uhazili nako utagonga vibonye kutwa nzima, tofauti ni kwamba vya kule vinaandika kitu."

Mama akasema, "Mwache amalize, wifi."

"Nimemzuia? Fomu si ipo pale juu."

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Sehemu ya kwanza imekwisha.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Sehemu ya pili, ile ya taratibu. Mwishoni kuna kitu nimekipenda bila kutaka. Kila kitu kinanyamaza, kisha mkono wa kushoto unapiga nota moja ya chini kabisa, peke yake. Kimya. Halafu nota ile ile tena. Ko. Ko. Basi, imekwisha.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikuwa nimepiga sehemu ya pili na kuhamia ya tatu, Mama akasema bila kugeuka, "Umesahau kugonga."

"Kugonga wapi?"

"Pale mwisho. Huwa unagonga mara mbili. Leo hukugonga kabisa."

Kweli nilikuwa nimeruka. Nilirudi nikagonga. Mashine yake ilikuwa imesimama, ikangoja, kisha ikaendelea.

Jumamosi, 19 Aprili

Naweza kuipiga yote macho yamefumbwa. Nimeifumbia macho mara tatu. Haina maana kubwa, ni ya ubaoni.

Alhamisi, 24 Aprili

Daraja limefunguliwa kwa waendao kwa miguu. Mjomba amenikumbusha kwamba alisema wiki nne.

Jumamosi, 26 Aprili

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda au umerefuka?"

Nilikwenda moja kwa moja kwenye ya saba. Nilidhani imenitoka, lakini ilikuwepo yote, na baada ya mwezi wa mbao sauti ilinijaa kifuani kama maji ya moto. Nilipiga kama nilivyotaka kupiga tangu mwanzo.

"Na ile nyingine?" Mwalimu akauliza.

"Nimeitazama."

Huo ni uongo na niliusema nikiangalia kanyagio. Niliogopa nikisema naijua, atanilazimisha niichukue.

Alikunja leso yake. "Chagua mwenyewe," akasema. "Lakini kabla hujapeleka jina, nenda ukumbini ukaijaribu piano ya kule. Nimeshamwambia mtunza ukumbi, Jumamosi saa nne."

"Twende wote?"

"Magoti yangu na lile daraja hayaelewani."

Nimechagua. Ni ya saba.

Jumamosi, 3 Mei

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne kasorobo nilikuwa mlangoni. Mtunza ukumbi, mwanamume mnene mwenye funguo nyingi kiunoni, alinifungulia akaniambia nisikanyage palipo na maji. Ukumbi una viti mia moja na ishirini, nilivihesabu. Piano ni nyeusi, ndefu, imelala kama gari zuri. Fundi wa piano alikuwa anakusanya vifaa vyake. Ndiye huyo huyo anayekuja kwa Mwalimu mara moja kwa mwaka. Nimewahi kumwona akitoka, sijawahi kuongea naye. Sweta lake lina tundu kwenye kiwiko.

"Kaa, binti," akasema. "Ndiyo kwanza nimeimaliza."

Nilikaa nikaweka mkono wa kushoto mahali pake, nikabonyeza. Sauti iliyotoka haikuwa ya kibonye kile. Ilikuwa ya jirani yake wa kulia.

Nilitazama mkono, uko sawa. Nikaendelea. Kufikia mstari wa pili mikono ilikuwa imeanza kusogea kushoto yenyewe, inaitafuta sauti inayoijua, na ilipoipata sauti vibonye vikawa siyo, nyeupe mahali pa nyeusi. Nikaanza upya. Mara ya pili niliishia mstari wa tatu. Mara ya tatu nilijilazimisha kutazama vidole tu, nikaishia mstari wa kwanza. Ni kama kuandika jina lako huku mtu anakusomea jina la mwingine sikioni.

Niliimba Do kichwani na kubonyeza Do. Hazikufanana.

Mtunza ukumbi alikuwa anafagia. Alipoacha kufagia ikawa mbaya zaidi. "Huyu ndiye wa sonata?" akamuuliza fundi. Alidhani ananong'ona.

Nilijaribu mara ya nne na ya tano. Ya sita sikuianza. Nilikaa na mikono mapajani.

Fundi alirudisha mkoba wake sakafuni. "Geukia dirishani," akasema. "Usitazame huku." Akabonyeza kibonye. "Hiyo ni nini?"

"Re."

"Na hii?"

"So."

"Umekosea zote mbili," akasema, "na umekosea sawasawa."

Nikageuka. Kidole chake kilikuwa juu ya kibonye cheusi kilicho kushoto kwa So. Akatoa mfukoni chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga gotini, akakisogeza sikioni kwangu.

"Huu mafundi wote tunao. Unatoa La. Kila piano inafuata huu."

"Hiyo siyo La," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri. "Ni kibonye cheusi cha kulia kwake."

"Binti, umejifunzia kwenye piano gani?"

Nilimwambia.

"Aa," akasema, akakaa kwenye kiti cha mstari wa mbele. "Basi hili ni langu. Ile piano ya Mwalimu ina ufa kwenye fremu. Nyuzi zikivutwa mpaka zinapotakiwa kufika, itapasuka katikati. Kwa hiyo kila mwaka naiacha yote pale pale, kibonye kimoja chini, ili isife. Kwa mtu wa kawaida haina neno. Wimbo ni ule ule, uko chini kidogo tu, hatambui. Lakini wewe sikio lako linashika. Limeshika kila sauti na mahali pake. Sasa mahali penyewe pote pako pembeni."

Nilifikiria shule: kwaya yetu ilianza popote mwalimu wa kwaya alipojisikia kuanzia, isingeweza kunisaidia. Kisha nikafikiria simu ya Mama. Miaka saba nimeisingizia simu ya Mama.

"Mwalimu anajua?"

Fundi aliurudisha uma wake mfukoni. "Mimi mwenyewe nilimwambia," akasema.

Kuna njia, alisema. Naweza kupiga sonata nzima kibonye kimoja kushoto, sikio litatulia. Nilimuuliza ingechukua muda gani kujifunza hivyo. Akasema kwa yeye, miaka. Akacheka peke yake.

Jumapili, 4 Mei

Sikuandika kitu. Nimefungua tu daftari.

Jumanne, 6 Mei

Nilikwenda kwa Mwalimu bila kuitwa, mara ya kwanza maishani. Alinifungulia akanitazama, na sikuhitaji kueleza.

"Fundi amekwambia."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ingia, usisimame kwenye mvua ukanikasirikia."

Aliweka birika jikoni. Aliongea akiwa jikoni, nadhani ilikuwa rahisi zaidi bila uso wangu.

"Ulipokuja ulikuwa na miaka kumi na moja. Nilijua piano iko chini, nikasema kwa mtoto haina shida. Mwaka wa pili kengele ya baiskeli ililia nje, ukasema hiyo ni Fa. Unakumbuka?"

Sikumbuki.

"Nikaenda kwenye piano, nikaibonyeza, kweli ni Fa. Fa ya humu ndani. Nikajua unalo sikio ambalo mimi sijajaliwa, na nimeshaliharibu. Ningekwambia vipi? Ningesema, mwanangu, kila unachokisikia siyo?"

"Ungesema hivyo hivyo."

Birika lilichemka.

"Ningesema hivyo hivyo," akasema. "Lakini ungekwenda kwa mwalimu mwingine, na mwingine hakuna. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukiitazama vizuri utaona ilikuwa inanifaa zaidi mimi."

Alileta vikombe. Chai ilikuwa imemwagika kidogo kwenye kisahani.

"Ile ya tisa," akaendelea, "nilikukataza kuipiga humu kwa sababu hiyo. Nilitaka uwe na kitu kimoja ambacho piano hii haijakigusa. Nikasema akijifunza kwa ubao, vidole peke yake, atafika nayo ukumbini salama. Nami sitalazimika kusema."

"Na ya saba uliniruhusu."

"Uliitaka. Na unaipiga vizuri. Nilikuwa mwoga wa pande zote mbili."

Sikumkasirikia, wala sikumsamehe. Nilikunywa chai. Siku zote nilimwona kama mtu anayejua jibu na kulificha ili nilitafute. Leo nimemwona mtu aliyekuwa amelificha tu.

Nilipokuwa nikivaa viatu akauliza, "Kweli uliitazama tu?"

"Naijua yote," nikasema.

Alhamisi, 8 Mei

Mtunza ukumbi amenipa saa moja, kuanzia saa tatu. Nilipeleka pamba nikaziba masikio, nikajaribu ya saba. Bado nilisikia. Nikaongeza pamba. "Unaumwa masikio?" mtunza ukumbi akauliza. Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani.

Nilifika mstari wa tano.

Kisha nikatoa pamba nikapiga ya tisa.

Vidole vilikwenda. Sikio liliuliza maswali, lakini halikuwa na jibu lake la kushindana, kwa sababu halikuwahi kuisikia. Lilikaa nyuma likisikiliza kama mgeni. Nami pia nilikuwa mgeni. Nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza, na ndiye niliyekuwa naipiga. Sehemu ya pili siyo ya mtu anayetafuta miwani. Ni ya mtu aliyeshaiona na anaogopa kuivaa.

Mara moja tu niliyumba, pale mwisho pa nota ile ya chini. Iko peke yake, hakuna nyingine ya kuishika mkono, na sikio likapata nafasi ya kusema: siyo hiyo. Nilisita, kisha nikaipiga ya pili.

Ijumaa, 9 Mei

Ya saba ingewaamsha watu vitini. Hilo nalijua na sitajifanya silijui. Kama piano ya ukumbini ingekuwa na ufa, ningeipiga na labda ningekwenda chuo kwa kelele. Nimeandika kwenye karatasi ya mchapishaji: "Sonata ya tisa, sehemu tatu." Kwenye nafasi ya mtunzi Mwalimu alisema niandike "hajulikani". Nimepeleka mwenyewe.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua imepungua. Ubaoni kila siku, mara nne.

Jumatano, 21 Mei

Mama ameshona gauni. Rangi ya kijivu, mikono mifupi ili isiguse vibonye. Alipima mikono yangu nikiwa ubaoni, nikigonga, akasema hataki nisimame kama sanamu kisha nikikaa linibane.

Jumamosi, 24 Mei

Viti mia moja na ishirini, watu sitini na mmoja. Wadogo walipiga vipande vyao, mmoja alilia katikati akamaliza akilia. Mkufunzi wa chuo alikaa mstari wa tatu, ana ndevu fupi, hakuandika kitu. Mwalimu alivushwa daraja na Mjomba kwa mkokoteni wa mbao wa karakana, akiwa amekaa juu ya godoro na mwavuli mkononi. Fundi alisimama nyuma karibu na mlango.

Sehemu ya kwanza: sawa.

Sehemu ya pili: sawa hadi mwisho. Nikapiga nota ya chini. Sikio likasema siyo hiyo. Nilingoja linyamaze. Liliendelea, na mimi nikaendelea kungoja, kidole kiko juu ya kibonye, mguu kwenye kanyagio, ukumbi mzima kimya hadi nikasikia tone la paa. Halafu nota ikawa imekufa na muda wa ya pili umepita. Kuipiga wakati ule ingekuwa kama kucheka watu wameshaacha. Nikaingia sehemu ya tatu.

Sehemu ya tatu: sawa.

Walipiga makofi. Mwalimu alikuwa anatazama sakafu. Mkufunzi aliniuliza jambo moja, nimejifunzia piano ya aina gani. Nikasema, "Ya mlango." Akaitikia kwa kichwa kama anayeijua aina hiyo. Akasema ataandika barua.

Njiani Mama aliuliza tu kama viatu vilinibana.

Jumapili, 1 Juni

Hakuna barua. Jua.

Jumapili, 8 Juni

Shangazi ameshusha fomu kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi, akairudisha. Hakusema neno. Nimeanza kumpenda zaidi akinyamaza.

Alhamisi, 12 Juni

Barua imefika. Niliisoma nimesimama, nikampa Mama. Alisimamisha mashine, akafuta mikono, akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma vipimo vya mteja.

Wamenipokea. Naanza Septemba. Mkufunzi ameandika kwamba vidole vyangu vina nidhamu isiyo ya kawaida, na kwamba sikio litahitaji kufanyiwa kazi. Mwisho ameandika hivi: "Kilichonishawishi zaidi ni mwisho wa sehemu ya pili. Wengi hawathubutu kuacha kimya kifanye kazi ya nota."

Mama aliikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile.

"Siku ile," akasema, "pale pa kugonga mara mbili, uligonga mara moja."

Nilimtazama. Sonata hii hakuwahi kuisikia kabla ya ukumbini. Alikuwa amesikia mbao tu.

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja barua. Wangekukataa ningejua ni hilo, na nisingekwambia kamwe." Akavuta shuka la zahanati, akalilaza chini ya sindano. "Sasa wamekukubali. Kaa ugonge."

Nikakaa. Nilianzia mbali, sehemu ya pili yote, taratibu. Nilipofika mwisho mashine ilikuwa imesimama. Nikagonga mara moja. Nikangoja. Nikagonga ya pili, na mashine ikaendelea.